Vichaka vya Matunda: Kutoka Ngitili za Shinyanga Hadi Viwanja vya Chato

Mvua zinapokaribia kukatika katika ukanda wa miombo kusini mwa Ziwa Victoria, watoto wanaochunga mbuzi hurudi nyumbani na ndimi nyeusi. Wamekula ntalali. Ni tunda dogo la mviringo, kijani likiwa changa, jeusi likishaiva, lenye nyama laini na tamu iliyoshika kokwa moja gumu. Mtoto hulimung'unya, hutema kokwa, huchuma jingine. Mti wake ukiachwa hurefuka. Ukikatwa hurudi ukiwa kichaka, na kwenye kichaka ndiko mkono wa mtoto unakofika.

Ntalali haiko peke yake. Kuanzia Tabora, ukipita Kahama na Bukombe hadi kwenye misitu ya Biharamulo na Chato, pori la miombo limejaa vitu vya kuliwa. Kuna mbula, ambayo hudondoka chini yenyewe ikiiva, ikaokotwa na kutwangwa nyama yake kwa ajili ya uji. Kuna mtonga, wenye tunda la ganda gumu linalopasuliwa kwa jiwe. Kuna mpingi wenye tunda chachu, mchongoma wenye miiba na tunda lekundu linaloiva hadi kukaribia weusi, mkole wenye vijitunda vya kahawia, na mfuru. Penye udongo mweusi wa mbuga na mvua haba, kuelekea Kishapu na Meatu, zamu inakuwa ya mkwaju, mkunazi na mng'ong'o. Hii ndiyo bustani ya matunda ya kale ya watu wa huku, Wasukuma, Wazinza, Wasubi na Walongo, na ilikuwepo kabla embe na pera hazijafika.

Kuiita bustani kunahitaji maelezo, kwa sababu kwa miaka mingi wenye madaraka waliiita pori tu.

Mji wa Msukuma wa zamani ulikuwa na mpangilio wake. Katikati nyumba na zizi, pembeni uzio wa minyaa, nje ya minyaa mashamba ya mtama na viazi, na baada ya mashamba kipande cha ardhi kilichofungwa: ngitili. Mvua zilipoanza, mwenye mji alizuia mifugo isiingie humo. Majani yakaota yakasimama hadi kiangazi, na malisho yalipokwisha kwingine kote, mwezi wa saba au wa nane, ngitili ikafunguliwa kidogo kidogo, kwanza kwa ndama, ng'ombe wazee na wale wa kukamuliwa. Lengo lilikuwa majani ya ng'ombe. Lakini ardhi inayofungwa kila mwaka haioti majani peke yake. Visiki huchipua, mbegu hupata nafasi, na baada ya misimu kadhaa mwenye ngitili anajikuta na dawa, kuni, fito, na matunda ya watoto wake mita mia chache kutoka mlangoni.

Na hapo hakupanda chochote kwa mkono. Alichofanya ni kuamua kipi kisikatwe. Kazi ya kupanda aliwaachia ndege, mbuzi na nyani, ambao hula tunda na kuiacha mbegu mahali pengine ikiwa na mbolea yake. Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Tanganyika, aliliona jambo hilo mapema. Mwaka 1929 alichapisha taarifa ya matunda na mbegu zinazosambazwa na wanyama na ndege katika wilaya ya Singida, jirani na Usukuma. Ukitaka kujua kwa nini mkole umeota kando ya zizi au mkunazi umejitokeza kwenye njia ya ng'ombe, jibu liko humo. Ukulima wa namna hii ni wa kuchagua na kulinda, na ni kosa kubwa la historia kuuhesabu kuwa uvivu wa kutokulima.

Uhusiano huo wa mtu na kichaka ulivurugika kabla hata ya bendera ya Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikaua ng'ombe wengi kupita kiasi. Ng'ombe walipopungua, na watu wakafuatwa na njaa na ndui, hapakuwa tena na midomo ya kula machipukizi wala mikono ya kuyakata. Vichaka vilisonga mbele hadi kwenye mashamba yaliyoachwa, na ndani ya vichaka akaja mbung'o. Kile kile kilichowapa watoto matunda kikawa makao ya mdudu anayeua mifugo na kuwapa watu malale. Watafiti John Ford na Helge Kjekshus waliandika kwa kina, katika miaka ya 1970, jinsi mizani hiyo ilivyopinduka.

Serikali ya kikoloni ilijibu kwa shoka. Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, alianza majaribio ya kumdhibiti mbung'o huko Shinyanga katika miaka ya 1920, akisaidiwa na Mtemi Makwaia wa Usiha ambaye aliwatoa watu wake kwa maelfu kwenda kufyeka. Kuanzia 1929 Swynnerton aliongoza idara maalumu ya utafiti wa mbung'o, na Shinyanga ikawa kituo chake. Huko ndiko ilikokuzwa mbinu ya kufyeka kwa kuchagua: badala ya kuangusha kila kitu, kukatwa miti ile tu ambayo mbung'o hawezi kuishi bila kivuli chake. Ili ufanye hivyo lazima uujue kila mti kwa jina, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Burtt. Ufunguo wake wa kutambulia miti, vichaka na mimea itambaayo ya Tanganyika ulitoka mwaka 1939, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Alikufa na Swynnerton katika ajali ya ndege mwaka 1938. Inasikitisha kufikiri kwamba elimu bora kabisa ya vichaka vya Usukuma ilikusanywa ndani ya idara iliyowekwa kuvipunguza.

Upande wa Uzinza na Biharamulo, ambako Chato ilikuwa sehemu yake, hofu ya malale ilifanya watu wahamishiwe kwenye makazi ya pamoja ili wakae mbali na pori. Mtu aliyezoea kuokota mbula nyuma ya nyumba akawa sasa anaitazama kwa mbali.

Kisha likaja jembe. Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947 na kuendeshwa kutoka Malya, ulitaka kupunguza msongamano wa watu na ng'ombe katikati ya Usukuma kwa kufungua ardhi mpya, na ardhi hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa Geita. Wasukuma walihamia magharibi na ng'ombe wao. Pamba ilistawi, vyama vya ushirika chini ya Paul Bomani viliungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na kila bei nzuri ilipotangazwa, kipande kingine cha miombo kikageuka shamba. Miti mingine ilikatwa kwa sababu kwelea kwelea walilala na kutaga humo wakamaliza mtama. Nyuma ya yote hayo kulikuwa na sababu za kweli, njaa, magonjwa, kodi na ada za shule, na hakuna wa kuwalaumu wakulima. Lakini mtonga mmoja unaokatwa ukiwa umebeba huchukua miaka mingi kurudi, na hakuna aliyekuwa anauhesabu.

Pigo lililokata ngitili zenyewe lilikuja baada ya Uhuru. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 na 1975 iliwatoa watu kwenye miji yao iliyotawanyika na kuwapanga barabarani. Nyumba ilihama, lakini ngitili haihami. Ardhi iliyokuwa ikilindwa na jicho la mwenye mji ikabaki bila mwenyewe, na ng'ombe wa kijiji kizima wakaingia. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa wa Shinyanga ilikuwa wazi kiasi kwamba watu waliitaja kwa neno moja: jangwa. Rais Julius Nyerere aliitembelea mwaka 1984, na hali aliyoikuta ikazaa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986.

HASHI ilianza kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo, kwa vitalu vikubwa vya serikali na miche ya miti ya kigeni. Haikwenda mbali. Miche ilihitaji maji ambayo mama wa nyumbani alikuwa anayateka na kuyabeba kichwani, na ng'ombe walikula kilichobaki. Mabadiliko yalikuja pale wataalamu, wakisaidiwa na shirika la maendeleo la Norway na baadaye kituo cha kimataifa cha kilimo mseto, ICRAF, chenye makao Nairobi, walipogeuka kuwauliza wazee walikuwa wanafanyaje zamani. Wazee wakasema ngitili. Wendelen Mlenge, aliyeongoza mradi huo na kuuandikia, alieleza jinsi mabaraza ya jadi ya dagashida na ulinzi wa sungusungu vilivyorudishiwa kazi ya kusimamia mipaka na kutoza faini.

Matokeo yake yalisomwa dunia nzima. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa na ukubwa wa hekta kama 600 tu. Kufikia mwaka 2004 zilikuwa zimehesabiwa zaidi ya ngitili 18,000, na ardhi yote ya ngitili mkoani ilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 350,000. Mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP mwaka 2002. Kati ya ngitili zilizohesabiwa, za pamoja zilikuwa 284. Nyingine zote zilikuwa mali ya kaya. Maana yake ni kwamba wengi wa walioirudishia Shinyanga miti walikuwa familia moja moja, kila moja kwenye kipande chake karibu na nyumba. Misitu mikubwa ya serikali haikuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo. Timu ya Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine ilipofanya tathmini, ilikuta ndani ya ngitili aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na ikakadiria kwamba mazao yake yote, yaani kuni, malisho, asali, dawa, uyoga, matunda na mengine, yalikuwa na thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Wakati huo mtu wa kijijini Tanzania alikuwa anatumia wastani wa dola 8.50 kwa mwezi kwa mahitaji yake.

Kwenye hesabu hizo matunda hukaa nafasi ya chini, nyuma ya kuni na malisho. Ni hesabu sahihi, ila ina upungufu wake, kwa sababu anayekula mkole ni mtoto wa miaka saba aliye machungani, na yeye hanunui wala hauzi. Ukwaju unaokwenda kwenye uji, furu zinazoliwa njiani kwenda shule, kunazi zinazokaushwa na kuhifadhiwa: hivi ni vyakula vinavyoingia mwilini bila kupita sokoni, na mara nyingi vinaingia katika miezi ambayo ghala ni tupu.

Upande wa Tabora kuna waliojaribu kuvipitisha sokoni. Watafiti wa kituo cha Tumbi pamoja na ICRAF waliwauliza wakulima wa miombo ni matunda gani ya pori wangependa kuwa nayo nyumbani, na majina yaliyorudi tena na tena yalikuwa mtonga, mbula, ntalali na mkusu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 vikundi vya akina mama vilifundishwa kukamua juisi, kupika jamu na kutengeneza mvinyo kutokana na matunda hayo. Kazi ya vitaluni kusini mwa Afrika nayo ilitoa jambo la kutia moyo: mkusu unaoota kwa mbegu unaweza kumfanya mtu asubiri zaidi ya miaka kumi, lakini uliobebeshwa kwa kikonyo cha mti uliokwisha kuzaa umetoa matunda ndani ya miaka minne.

Chato iliipata historia hii kwa pembeni. Haikuwa mkoani Shinyanga. Ilikuwa sehemu ya Biharamulo, mkoa wa Kagera, hadi ilipotengwa kuwa wilaya mwaka 2005, na mwaka 2012 ikaingizwa katika mkoa mpya wa Geita pamoja na Bukombe, iliyotoka Shinyanga. Kwa hiyo HASHI iliishia kwa majirani zake. Misitu yake ilikuwa bado imesimama wakati Shinyanga imeisha, na pengine ndiyo sababu haikuonekana haja ya kuihangaikia. Hali hiyo imebadilika upesi.

Sababu ya kwanza ni dhahabu. Geita ilichimbwa kuanzia miaka ya 1930 hadi mgodi wa zamani ulipofungwa 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Lakini kwa vichaka, mgodi mkubwa si tatizo kama yalivyo maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo. Duara haliendi chini bila matimba, yale magogo yanayopangwa ukutani ili udongo usimfukie mtu, na matimba hukatwa kwenye miombo ya karibu. Pembeni ya kila machimbo hukua mji wa watu wanaopika kwa mkaa. Miombo inayofaa kwa matimba na mkaa ndiyo hiyo hiyo yenye mbula, na mfuru na mtonga hukua chini yake.

Sababu ya pili ni hifadhi, na hapa mwandishi anayependa misitu lazima aseme kwa haki. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Ni ulinzi mkubwa kwa miti hiyo. Hata hivyo hifadhi ya taifa hairuhusu mtu kuingia na kikapu. Sokwe wa kisiwa cha Rubondo, ng'ambo ya maji kutoka Muganza, wana uhuru ambao mtoto wa kijijini hana. Wazee wao 17 walitolewa katika bustani za wanyama za Ulaya kati ya 1966 na 1969, wakaachiwa kisiwani na kujifunza wenyewe kula matunda ya msitu. Uzao wao unaishi kwa matunda hayo mpaka leo.

Pori likipungua upande mmoja na kufungwa upande mwingine, kinachobaki ni kiwanja cha nyumba. Kwa sasa viwanja vingi Chato vina mwembe, mpera, mpapai, pengine mzambarau na mforosadi, miti iliyotoka Asia na Amerika na kupokewa vizuri. Iliyozaliwa hapa ndiyo iliyokosa nafasi. Na kuiweka nyumbani kunahitaji kujua tabia za kila mmoja, elimu ambayo wachungaji wazee wanayo na vitabu vya kilimo cha bustani havigusi.

Mchongoma, kwa mfano, ndio wenye methali yake: kuupanda rahisi, kushuka ndiyo ngoma. Kwa uzio wa nyumba hakuna kinachoushinda, maana miiba yake haipitishi mbuzi wala mwizi. Lakini mara nyingi miche ya kiume na ya kike hutengana. Mwenye kupanda mmoja tu anaweza kusubiri miaka bila kuona tunda hata moja, akadhani udongo wake mbaya. Panda mitano au sita kwenye mstari mmoja, na tatizo linaondoka.

Mpingi una siri nyingine. Mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya miti jirani na kunyonya sehemu ya chakula chake humo, kwa hiyo mche uliotengwa peke yake kwenye uwanja uliofagiliwa hudhoofika. Unataka majirani: nyasi, mkole, chochote cha asili. Mavuno yake ni mara mbili, nyama chachu ya tunda na mafuta ya kokwa, ambayo tangu zamani yalilainisha ngozi.

Mbula huota polepole kwa mbegu, kwa kuwa kokwa lake ni gumu kupindukia. Mtonga huhitaji uvumilivu pia, na mtoto afundishwe kunyonya nyama ya njano tu na kutema mbegu. Mkole ndio mwepesi kuliko yote. Wengi hawajaupanda kamwe, na wanao.

Katika kiwanja kipya, ambacho miaka michache iliyopita kilikuwa miombo, mara nyingi hakuna haja hata ya mche. Mwaka baada ya mwaka, ntalali, mkole na mfuru huchipua kutoka kwenye mizizi iliyobaki ardhini. Shinyanga ilirudi hivyo, na huko Dodoma shirika la LEAD Foundation linafundisha vivyo hivyo kwa jina la Kisiki Hai: chagua machipukizi mawili au matatu yaliyo imara, kata mengine, funga kitambaa ili wapitao wajue kwamba yana mwenyewe, kisha yazuie mbuzi. Kisiki kilichokwisha kuwa na mizizi mirefu hakihitaji kumwagiliwa kama mche wa dukani. Anayejenga Chato leo anaweza kuwa na kichaka chake cha ntalali bila kununua chochote, mradi aongee na dereva wa greda kabla ya kusafisha kiwanja na kumwonyesha kona ambayo visiki vyake visiguswe.